Waliopimwa Korona ni kina nani?

Mwaka 2020, watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust, Kilifi, walipima damu ya wachangiaji 3,098 nchini, wakitafuta kingamwili za Korona. Makadirio yao ya kitaifa yalikuwa asilimia 4.3, Mombasa, asilimia 8. Mapema 2021, kitaifa ikafika asilimia 48.5.

Lakini anayechangia damu ni nani? Wengi ni wanaume, tena vijana. Watoto na waliopita miaka 65 hawachukuliwi damu. Ndiyo maana watafiti hurekebisha hesabu kwa umri, jinsia na eneo. Hata hivyo, hesabu haimsemei bi kizee wa Faza ambaye hakupimwa.

Ndugu zangu, watafiti wakibisha hodi, tuwaulize maswali yetu yote, kisha tukiridhika tushiriki. Asiyehesabiwa ni rahisi kusahauliwa dawa zikigawanywa.