Mirija Haizibuliwi kwa Chupa

Simu hutoka Keroka, Ogembo, Nyansiongo, na swali huwa lile lile: "Daktari, nimpeleke mke wangu kwa mtaalamu gani wa kuzibua mirija?" Nami huuliza: nani alisema mirija imeziba? "Mama mmoja anayeuza dawa." Na wewe mwenyewe umepimwa? Hapo mwanamume hunyamaza.

Nianze na hiyo dawa, maana nimechoka kuona inavyowaumiza wanawake. Kinachoziba mrija wa uzazi kwa kawaida ni kovu lililoachwa na klamidia, kisonono, maambukizi baada ya kujifungua au mimba kuharibika, kifua kikuu cha kizazi, hata kidole tumbo kilichopasuka. Dawa unayokunywa husagwa tumboni na kupita kwenye ini, haing'oi kovu. Zile za kuweka ukeni ni mbaya zaidi. Zinachubua, zinaua bakteria wanaoulinda uke, na zinafungulia njia maambukizi yale yale yanayoziba mirija. Zile nyama nyama zinazotoka, ambazo mama anaonyeshwa kuwa ni "uchafu wa kizazi", mara nyingi ni ngozi ya uke wake mwenyewe iliyounguzwa.

"Mbona jirani yangu alitumia akapata?" Kati ya wanandoa 100 wanaokutana mara kwa mara bila kinga, zaidi ya 80 hupata mimba ndani ya mwaka mmoja, na karibu nusu ya waliobaki hupata mwaka wa pili. Muuzaji akimpata mteja mwezi wa nane wa kujaribu, mimba ya mwezi wa kumi inakuwa sifa ya chupa yake. Wale wasiopata hawarudi sokoni kutoa ushuhuda. Wanakuja kwangu wakiwa na miaka 38, baada ya kumaliza minne kwenye mitishamba, na miaka hiyo sina dawa ya kuirudisha.

Wala msiniambie nadharau mila. Abagusii tulikuwa na ababari, waliofungua fuvu la mtu aliyeumia kichwa, na wengi wakaishi. Omobari alijifunza kwa kumfuata aliyemtangulia, na watu walijua kazi ameitoa wapi. Muuza chupa naye aulizwe alifundishwa na nani.

Sasa mume. Kasoro za mwanamume huchangia karibu nusu ya visa vya ugumba. Nguvu za kitandani si ushahidi, wala mtoto uliyempata miaka kumi iliyopita. Kaa siku 2 hadi 7 bila kujamiiana, toa manii, yapimwe. Majibu yakiwa mabaya, rudia baada ya miezi 3 hivi, kwa kuwa mbegu huchukua zaidi ya miezi 2 kutengenezwa. Kipimo hiki hakina sindano wala kisu, na bado wanaume wanakikimbia.

Mtaalamu basi. Anzeni kwa daktari wa magonjwa ya wanawake katika hospitali ya rufaa ya Kisii au ya Nyamira. Nendeni mkiwa mmejaribu mwaka mzima, au miezi 6 ikiwa mama amefikisha 35, au mara moja hedhi ikiwa haieleweki. Jina lake litafuteni kwenye sajili ya baraza la madaktari, KMPDC, na muone kama amesajiliwa kuwa daktari bingwa. Mirija hupimwa kwa eksirei yenye dawa maalumu. Akisema mnahitaji mimba ya maabara, ambayo Kenya ilipata watoto wake wa kwanza mwaka 2006, muulizeni: kwa wanawake wa umri huu, wangapi kati ya mia huondoka na mtoto mkononi? Msikubali hesabu ya waliopata mimba tu. Akitaja bei kabla ya kuona kipimo cha manii, tafuteni mwingine. Akiahidi mapacha, ondokeni.

Ukinipigia simu wiki hii, usiniulize umpeleke mke wako wapi. Njooni wawili.