Arobaini ikiisha, nani anampokea mama nyumbani?

Basi la Tanga liliingia stendi ya Magufuli pale Mbezi saa 9 alasiri. Dada yangu alishuka na mtoto wa siku 43 kifuani, kidumu cha samli mkononi na chupa ya chai iliyojaa uji wa pilipili manga. Alikuwa amenawiri. Mashavu yamejaa, ngozi inang'aa, hata sauti yake ilikuwa imetulia. Nilimtania kwamba bila mtoto yule, mtu angedhani anatoka kupumzika hotelini Zanzibar.

Siku nne baadaye, usiku, shemeji alinipigia simu kutoka Chamazi. "Shemeji, kesho ukipata nafasi njoo umwone dada yako. Analia tu, na hasemi kinachomliza."

Nilimkuta ameketi kitandani, nywele hazijachanwa, mtoto analia pembeni yake. Pipa la maji lilikuwa tupu. Mpwa wangu mkubwa, wa miaka minne, alikuwa amevaa fulana iliyogeuzwa nyuma mbele na anakula biskuti sakafuni. Dada aliniambia kitu kimoja tu: tangu arudi hajala chakula cha moto akakimaliza.

Familia zetu zinajua sana kumweka mama ndani siku 40, lakini kumtoa zinajua kidogo. Tunahesabu siku, tunampikia, tunamkanda, kisha ikifika ya 40 tunampandisha basi. Asubuhi inayofuata anatakiwa awe mke, mama wa watoto wawili, mpishi na mchota maji, na siku chache mbele mfanyakazi wa watu.

Kule Muheza kwa mama yetu, dada alikuwa na watu wanne wanaomzunguka. Mama alichemsha maji alfajiri na jioni. Shangazi alimfunga mkaja. Binti wa jirani alifua nepi. Bibi alikuwa na kazi moja, kumbeba mtoto akishanyonya ili mama yake alale. Asubuhi uji, mchana supu ya kuku wa kienyeji, usiku ndizi za maziwa. Wenzetu Wachaga wangempa mtori.

Desturi hii si ya Waswahili peke yao. Kitabu cha Walawi, sura ya 12, kinamhesabia mama aliyezaa mtoto wa kiume siku 7 na nyingine 33, ambazo jumla yake ni 40. Wachina wana desturi ya mama kukaa ndani mwezi mmoja. Korea Kusini imekuwa biashara kubwa: mama akitoka hospitali anahamia kwenye nyumba maalumu, analipa, anahudumiwa kwa wiki mbili hivi, ndipo anarudi kwake. Sisi tunaipata kwa nauli ya basi na hisani ya bibi.

Sayansi nayo haiko mbali na bibi. Kwa madaktari, kipindi cha uzazi ni siku 42 baada ya kujifungua. Katika wiki hizo sita mji wa mimba unasinyaa kurudi karibu na ukubwa wake wa zamani, damu inapungua hadi kukatika, na mshono unapona. Ndiyo maana hata kifo cha mama kikitokea ndani ya siku hizo 42 kwa sababu ya ujauzito au kujifungua kinahesabiwa kuwa kifo kitokanacho na uzazi. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikadiria vifo hivyo kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000; ule wa 2022 ukakadiria 104. Tumepiga hatua, lakini hatari haijaisha siku mama anaporuhusiwa kutoka wodini.

Ninapotofautiana na mama yangu ni kwenye maji. Maji ya vuguvugu yanatuliza maumivu ya mgongo na misuli, sina ugomvi nayo. Maji yanayounguza, yanayokandamizwa tumboni ili "kutoa damu chafu", ni jambo jingine. Mji wa mimba unajikaza wenyewe, na mtoto anaponyonya mwili wa mama unatoa homoni ya oksitosini inayousaidia kujikaza. Hauhitaji kuchomwa. Kwa mama aliyejifungua kwa upasuaji, kukandwa hivyo kunaweza kumuunguza ngozi na kuharibu mshono. Mama amenisikiliza na kunijibu kwamba amekanda watu tangu sijazaliwa. Mjadala huo bado uko mezani.

Turudi Chamazi. Dada alikuwa amepanga vizuri, kwenye karatasi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mara moja. Ila sheria hiyo hiyo inaruhusu kuanza likizo wiki nne kabla ya tarehe ya matarajio, naye alianza hapo ili asisafiri na uchungu. Piga hesabu: siku 28 kabla, siku 43 baada. Aliposhuka Mbezi alikuwa amebakiwa na siku 13. Mtoto angekuwa na wiki 8 tu siku mama yake anaporudi ofisini.

Shemeji naye alikuwa ametumia likizo yake ya uzazi. Sheria inampa baba siku 3 zenye malipo, na lazima azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Alizitumia kwenda Muheza, akamwona mwanawe, akarudi kazini. Mkewe aliporudi nyumbani hakuwa na hata siku moja ya kukaa naye. Alitoka saa 11 alfajiri kuwahi daladala, akarudi saa 2 usiku, akamkuta mkewe analia. Simlaumu. Alidhani kwamba mtu aliyenawiri vile amepona, na dada alidhani hivyo hivyo.

Hapa nawaomba akina baba wanaosoma wakiwa kwenye foleni ya Kilwa Road wasinipite. Mfanyakazi ana haki ya likizo ya mwaka isiyopungua siku 28. Nyingi huishia Desemba. Kama mkeo anakwenda kwao kujifungua, zungumza mapema na mwajiri wako uone kama unaweza kuweka siku 7 au 10 za likizo hiyo kwa wiki atakayorudi. Siku ya kujifungua mama ana wakunga, ana mama yake, ana kila mtu. Wiki anayorudi ndiyo hana mtu.

Kilio cha dada kilinitisha kuliko pipa tupu. Kujisikia mnyonge na kulia bila sababu katika siku za mwanzo baada ya kujifungua ni jambo la kawaida kwa wanawake wengi, na kwa kawaida huisha ndani ya wiki mbili. Yeye alikuwa wiki ya saba. Shirika la Afya Duniani linasema duniani kote takriban asilimia 13 ya wanawake waliojifungua karibuni hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na kwa nchi zinazoendelea ni asilimia 19.8. Hiyo ni karibu mama mmoja kati ya watano. Kwenye benchi la kliniki yenye akina mama kumi, wawili wanaweza kuwa nayo, na wote kumi watamwambia muuguzi kwamba wako salama.

Sonona haiji na kilio peke yake. Kuna mama asiyelala hata mtoto akilala, mwingine asiyesikia njaa, au asiyehisi chochote akimtazama mwanawe kisha akajiona ana roho mbaya. Wengine hujaa hasira. Mitaani kwetu huitwa uvivu, au husemwa amerogwa, au anaambiwa amshukuru Mungu maana wenzake wanatafuta mtoto. Maneno hayo humfungisha mdomo.

Wataalamu wana maswali 10 mafupi, yaliyotungwa Edinburgh, Scotland, na kuchapishwa mwaka 1987, yanayomuuliza mama alivyojisikia katika siku saba zilizopita: kama ameweza kucheka, kama amejilaumu bila sababu, kama ameshindwa kulala kwa huzuni. La mwisho linauliza kama amewahi kufikiria kujidhuru. Huhitaji kuwa daktari kumuuliza mkeo au mwanao jambo la namna hiyo. Akijibu ndiyo kwa hilo la mwisho, au akisema anahofia kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake; mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Hospitali ya Taifa Muhimbili ina wataalamu wa afya ya akili, na kituo chochote cha afya kinaweza kumwandikia rufaa.

Dada hakufika huko. Tulimpeleka kliniki, na hapo likaibuka kosa jingine letu. Wiki ya sita ndiyo wiki ya mama kupimwa na mtoto kupata chanjo ya pentavalenti ya kwanza pamoja na za nimonia, kuhara na polio. Sisi tulikuwa tunafunga mizigo. Muheza walidhani atachanjwa Dar, Dar tukadhani amechanjwa Muheza. Kama mnasafiri, pelekeni mtoto kabla ya safari au kesho yake. Kadi ya kliniki inasafiri na mtoto.

Muuguzi alimkalisha dada karibu nusu saa. Alimpima damu, ikaonekana pungufu, akapewa vidonge vya kuongeza damu. Alimuuliza kuhusu uzazi wa mpango, swali ambalo wengi hulikwepa kwa kuamini kwamba anayenyonyesha hashiki mimba. Kunyonyesha hukinga vizuri pale tu mambo matatu yanapokuwa pamoja: mtoto hajafika miezi sita, ananyonya maziwa ya mama peke yake mchana na usiku, na hedhi haijarudi. Likikosekana moja, kinga hiyo si ya kutegemea. Kisha akamwambia arudi wiki ijayo, hata kama ni kuzungumza tu, na dada akarudi.

Nyumbani tuligawana. Shemeji alichukua maji ya usiku na kumwogesha mkubwa. Jirani mmoja, muuza vitumbua, alisema angemchukua yule mkubwa kila asubuhi mpaka saa 5. Mimi nilipika Jumamosi, maharage ya kutosha na supu, tukayagandisha kwenye friji ya jirani. Havikuwa vitu vikubwa, ila dada alilala saa tatu mfululizo mchana ule, na alipoamka akaniuliza habari za mpenzi wangu. Nikajua anarudi.

Kazini alikwenda siku ile ile aliyotakiwa. Bosi wake alimkumbusha kwa ujumbe wa simu mara mbili, ingawa likizo ilikuwa haijaisha. Alichokuwa hakijui dada, na ambacho bosi hakukitaja, ni kwamba sheria ile ile inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi, kwa ajili ya mtoto. Walikubaliana atoke saa mbili mapema. Kutoka Kurasini hadi Chamazi, saa mbili hizo ni tofauti ya kufika jua likiwapo na kufika giza limeingia.

Maziwa anakamua alfajiri, kwa mikono safi na chombo kilichochemshwa. Kwa joto la Dar yasizidi muda wa saa nne nje ya friji; ndani yanakaa hadi siku nne. Umeme ukikatika muda mrefu, usibahatishe. Mtoto ananyweshwa kwa kikombe, ambacho ni rahisi kukisafisha kuliko chupa. Wiki ya kwanza alikigoma kikombe, akampa bibi yake wa upande wa baba kazi kubwa. Ya pili akakizoea.

Mtoto sasa ana miezi mitano. Dada anasema bado kuna siku mbaya, ila anazitaja kabla hazijamzidi, na shemeji amejifunza kuuliza swali la pili baada ya jibu la "niko poa".

Mke wa kaka yetu, anayeishi Tegeta, anatarajia mwezi ujao. Mama amesema safari hii hampokei mtu Muheza. Anakuja yeye mwenyewe, akae hadi arobaini ipite na wiki mbili za juu. Kaka ameshaandika barua ya likizo. Mama ameagiza kitu kimoja tu, tumnunulie jiko la mkaa, kwa sababu maji ya kukandia hayachemshwi kwa gesi. Nimenunua jiko. Nimenunua na kipimajoto.