Kwa Nini Mtoto Mchanga Hupoa Upesi?

Tonge la ugali likiwa mkononi hupoa upesi. Lakini ugali uliobaki sufuriani bado unachoma. Ugali ni ule ule mmoja. Mbona tonge limepoa kwanza? Haya, tutafute jibu kwa mikono yetu wenyewe.

Tukae katika vikundi vya watu wanne wanne. Kila kikundi kifinyange vipande 8 vya udongo, mfano wa visanduku. Kila kipande kiwe na urefu wa sentimita 3, upana sentimita 3, na kimo sentimita 3.

Kipande kimoja kina nyuso 6: juu, chini, na nne za kuzunguka. Basi vipande 8 vina nyuso 48.

Sasa tuvipange viwe sanduku moja kubwa: vinne chini, vinne juu yake. Tuhesabu nyuso zilizo nje, na za chini pia. Ni 24 tu! Zile 24 nyingine zimejificha ndani.

Tulinganishe sanduku hili na kipande kimoja:

Urefu umekuwa mara 2.
Eneo la nje limekuwa mara 4.
Udongo umekuwa mara 8.

Mnaona? Kitu kikikua, ndani huongezeka kuliko nje. Kitu kidogo kina nje kubwa kwa ndani yake ndogo. Na joto hutokea nje. Ndiyo sababu tonge hupoa kwanza.

Mtoto mchanga naye ni mdogo. Ngozi yake ni kubwa kwa mwili wake. Mama anatoka jasho, kumbe mtoto anapoa! Aliyezaliwa na uzito chini ya kilo 2.5 yumo hatarini zaidi. Akipoa sana anaweza kufa, hata katika nchi ya joto.

Basi tufanyeje? Mtoto akizaliwa tu, afutwe akauke. Alazwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, wafunikwe pamoja. Avikwe kofia. Asiogeshwe mpaka saa 24 zipite.

Mwaka 1978, huko Bogotá, nchini Kolombia, mashine za kuwatia joto watoto njiti hazikutosha. Daktari Edgar Rey akaanza kuwaweka watoto hao vifuani mwa mama zao. Leo njia hiyo hutumika hata Tanzania. Tuwaulize wauguzi watuonyeshe.

Na mama akichoka? Baba naye ana kifua.