Jina lilivyoficha thamani ya vikapu vya wanawake vyuoni Marekani

Jumapili ya Aprili 7, 2024, mjini Cleveland nchini Marekani, wasichana wa Chuo Kikuu cha South Carolina waliwalaza wenzao wa Iowa kwa pointi 87 kwa 75 katika fainali ya mpira wa vikapu ya vyuo. Pambano hilo lilitazamwa kwenye runinga na watu wapatao milioni 18.9. Kesho yake wanaume nao wakacheza fainali yao, na waliowatazama hawakufika milioni 15. Jambo hilo halikuwa limewahi kutokea.

Wengi walilieleza kwa jina moja tu: Caitlin Clark, yule binti wa Iowa mwenye kulenga kikapu kutoka mbali, ambaye mwezi mmoja hivi kabla ya hapo alikuwa amewapiku wanaume kwa wanawake kwa jumla ya pointi katika vyuo vya daraja la kwanza. Sikatai kwamba alikuwa na mvuto wa pekee. Hata hivyo, maelezo hayo yana kasoro, kwa kuwa yanatufanya tuamini kwamba kabla yake watazamaji hawakuwapo. Walikuwapo. Mwaka 1983, Chuo Kikuu cha Southern California, akiwamo Cheryl Miller aliyekuwa katika mwaka wake wa kwanza chuoni, kilipoibwaga Louisiana Tech kwa pointi 69 kwa 67, fainali hiyo ilitazamwa na karibu watu milioni 12. Basi si haki kuuliza tu ni nani aliyewaleta watazamaji mwaka 2024. Tuulize pia ni nani aliyewaacha wapotee katika miongo minne iliyokuwa katikati.

Historia yenyewe ni ndefu. James Naismith alibuni mchezo huu mjini Springfield, Massachusetts, Desemba 1891. Mwaka uliofuata, Senda Berenson, mwalimu wa mazoezi ya viungo katika chuo cha wanawake cha Smith, aliuchukua na kuubadilisha kanuni. Aligawa uwanja sehemu tatu na kumkataza mchezaji kuvuka mstari wa sehemu yake, ili mabinti wasije wakachoka kupita kiasi. Baada ya kanuni hizo kulegezwa hatua kwa hatua, ni mnamo 1971 tu ndipo wanawake wa vyuo walipokubaliwa rasmi kucheza watano kwa watano na kuutumia uwanja mzima.

Mwaka huo huo kiliundwa chama cha michezo cha wanawake wa vyuo, AIAW. Hiki kilikuwa chama cha walimu wanawake, wakikiongoza wao wenyewe. Machi 1972 kilifanya michuano yake ya kwanza ya kitaifa ya vikapu huko Normal, Illinois, kwa timu 16. Bingwa alitoka pasipotarajiwa: Immaculata, chuo kidogo cha Kikatoliki huko Pennsylvania. Wachezaji wake walilazimika kuuza miswaki ili wapate nauli, na hata hivyo fedha zilitosha kuwasafirisha wanane tu kati ya 11. Watawa wa chuo hicho walizoea kuwashangilia kwa kupiga ndoo. Chini ya kocha Cathy Rush, Immaculata ilitwaa ubingwa mara tatu mfululizo, na Februari 1975 ikacheza katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, mbele ya watu takriban 12,000. Naomba msomaji aikumbuke idadi hiyo kila anapoambiwa kwamba mchezo wa wanawake haukuwa na wapenzi.

Miezi mitatu baada ya michuano ile ya Normal, Rais Richard Nixon alitia saini sheria ambayo kifungu chake kiitwacho Title IX kinakataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayogharimiwa na serikali ya taifa. NCAA, chama kikuu cha michezo ya vyuo kilichokuwa cha wanaume, kilikipinga kifungu hicho bungeni na hatimaye mahakamani. Kiliposhindwa, kikageuka kuwa mfadhili. Mwaka 1982 kilianzisha michuano yake ya wanawake kwa timu 32, kikiahidi kulipa gharama za usafiri ambazo AIAW hakikuzimudu. Mwezi Machi mwaka huo pakawa na mabingwa wawili. Rutgers iliishinda Texas katika fainali ya mwisho ya AIAW, ilhali Louisiana Tech iliishinda Cheyney State, chuo cha Wamarekani weusi kilichonolewa na Vivian Stringer, katika fainali ya kwanza ya NCAA. AIAW kiliishtaki NCAA kwa kukiuka sheria ya kuzuia ukiritimba, kikashindwa, na mwaka 1983 kikafungwa.

Sidai kwamba enzi ya AIAW ilikuwa pepo. Mabinti wasioweza kusafiri bila kuuza miswaki hawawezi kutamaniwa na mtu mwenye akili timamu. Lakini yafaa ijulikane kwamba wanawake waliingia katika nyumba ya NCAA kama wageni, si kama wenye nyumba, na kwamba ugeni huo ulidhihirika kwanza katika lugha.

Hapa naingia katika uwanja wangu. Kwa miaka mingi mashindano ya wanaume yaliitwa kwa jina tupu, lisilo na kivumishi wala nyongeza yoyote: Final Four, yaani timu nne za mwisho. Yale ya wanawake yaliitwa Final Four ya wanawake. Jina mashuhuri zaidi, March Madness, yaani wazimu wa mwezi wa Machi, lilitumiwa kwa wanaume peke yao, ingawa alama ya biashara yenyewe iliruhusu kutumika kwa pande zote mbili. Kadhalika vyuo vingi vilibandika neno la kumaanisha "mabibi" mbele ya majina ya timu zao. Huko Delta State, waliokuwa mabingwa 1975 hadi 1977, timu ya wanawake huitwa Lady Statesmen, jina ambalo kwa tafsiri ya moja kwa moja ni kama kusema "mabibi waume wa dola".

Tusiwacheke mno. Kiswahili hakina jinsia katika ngeli zake, na neno "mchezaji" halimbagui yeyote, lakini sisi husema "daktari wa kike" na "dereva wa kike" bila kuona haja ya kusema "dereva wa kiume". Timu yetu ya taifa ya soka ya wanaume ni Harambee Stars. Ya wanawake ni Harambee Starlets, na mwanafunzi yeyote wa sarufi ya Kiingereza atatambua kiambishi cha udogo kilichochomekwa hapo. Anayepewa jina tupu ndiye huchukuliwa kuwa kipimo. Mwingine huwa ni tawi lake.

Kuna wenzangu watakaosema haya ni mambo ya wanaisimu wasio na kazi. Naam, lau jina lingekuwa adabu tu, ningekubaliana nao. Huko Marekani jina ni mali. Mwaka 2021, wakati wa janga la korona, timu zote za wanaume zilikusanywa Indianapolis na za wanawake San Antonio. Sedona Prince, mchezaji wa Oregon, alisambaza video iliyowaonyesha wanaume wakiwa na ukumbi mzima wa vyuma vya mazoezi, na wanawake wakiwa na kichanja kimoja cha vyuma vyepesi. NCAA ilikuwa imetoa kisingizio cha ukosefu wa nafasi. Video hiyo ikaonyesha sakafu pana isiyo na kitu. Fedheha hiyo iliilazimisha kuita kampuni ya mawakili ifanye uchunguzi.

Ripoti iliyotolewa Agosti mwaka huo haikuishia kwenye vyuma. Ilieleza kwamba haki za kutangaza vikapu vya wanawake ziliuzwa zikiwa zimefungwa pamoja na za michezo mingine mingi, fungu zima likiletea takriban dola milioni 34 kwa mwaka, ilhali vikapu hivyo pekee vingeweza kufikia thamani ya kati ya dola milioni 81 na 112 kila mwaka kufikia 2025. Vilevile, tangu 1991 vyuo vya wanaume vilikuwa vikigawiwa fedha kila timu yao iliposonga mbele. Chuo ambacho wanawake wake walitwaa ubingwa hakikupata hata senti moja kutoka mfuko wa namna hiyo. Kwa utaratibu kama huo, ni mkuu gani wa chuo angeona faida ya kuwekeza kwa mabinti?

Mabadiliko yalikuja kwa haraka, jambo linaloonyesha kuwa hayakuwa magumu. Mwaka 2022 wanawake walianza kutumia jina la March Madness, na fainali za wanaume zikaanza kuitwa Final Four ya wanaume. Timu za wanawake zikaongezwa hadi 68, idadi ambayo wanaume walikuwa nayo tangu 2011. Mnamo 2025 ulianza ule mgao wa fedha kwa vyuo vya wanawake, dola milioni 15 kwa mwaka wa kwanza. Fainali ya mwaka huo, ambapo Connecticut iliitandika South Carolina 82 kwa 59, haikuwa na Clark, na watazamaji walipungua hadi milioni 8.5. Wapo walioshangilia anguko hilo. Walisahau kwamba fainali ya 2022 ilikuwa na watazamaji wasiofika milioni 5.

Usimamizi ni habari nyingine. Mwaka 1972 zaidi ya timu tisa katika kila kumi za wanawake vyuoni, katika michezo yote, zilifundishwa na wanawake. Kufikia 2014 zilikuwa chini ya nusu. Fedha na heshima zilipoingia, wanaume walizitafuta kazi hizo. Dawn Staley wa South Carolina, mwenye mataji matatu hadi 2024, ni kielelezo kizuri, lakini mwenye mataji mengi kuliko makocha wote, 12 kufikia 2025, ni Geno Auriemma wa Connecticut.

Mkataba mpya wa runinga uliotiwa saini Januari 2024 ni wa miaka minane na dola milioni 920. Vikapu vya wanawake vingali vimefungwa humo pamoja na mashindano mengine 39, ingawa safari hii vilikadiriwa kuwa na thamani ya takriban dola milioni 65 kwa mwaka, chini ya kile kiwango cha mawakili. Mkataba huo utakwisha 2032, mwaka ule ule utakapokwisha wa wanaume, na hapo ndipo itakapojulikana kama wanawake watauza bidhaa yao peke yake na kwa jina lake.