Je, Wajua? Waya Mbili Tu Hugeuza Mota

Fundi akifunga mota mpya ya kinu cha unga pale Keroka, mji uliokaa mpakani mwa Kisii na Nyamira, huiwasha kidogo tu, mkanda ukiwa bado haujavalishwa, atazame inazungukia wapi. Ikienda kinyume, haifungui. Anazima swichi kuu, anabadilisha nafasi za waya mbili kati ya zile tatu za stima ya volti 415, kazi imekwisha. Zozote mbili! Fezi za waya hizo tatu hupokezana zamu. Zamu zikipinduliwa, uga wa sumaku ndani ya mota huzungukia upande wa pili. (Ukizisogeza zote tatu kwa kufuatana, umerudi ulikotoka.) Mota ya fezi moja haidanganyiki hivyo: kwake hubadilishwa ncha za koili ya kuanzishia.