Muundo na Maadili ya Utafiti Nyanjani: Funzo la Vigango

Makala haya yanakusudia kufafanua mambo mawili ambayo sisi wanafunzi wa fasihi simulizi huyatenganisha: muundo wa utafiti na maadili yake. Wengi huyaona maadili kuwa kibali cha kuambatishwa mwishoni mwa pendekezo. Hoja yetu ni kwamba maadili ni sehemu ya muundo wenyewe.

Tuchukulie mtafiti anayetaka kuchunguza nyimbo za mazishi huko Ganze, Kaunti ya Kilifi. Hiyo ni mada, bado si swali. Swali laweza kuwa: je, waimbaji wa kike na wa kiume humsawiri marehemu kwa namna tofauti? Swali hili ndilo linaloamua sampuli, mbinu za kukusanya data na uchanganuzi. Pia linaamua lugha: maelezo yaweza kutolewa kwa Kiswahili, ilhali wimbo wenyewe ni wa Kigiriama au Kikauma. Hivyo, tafsiri ipangwe mapema na kuhakikiwa na wenyeji. Tena, haifai kuwasaili wafiwa siku ya maziko. Kwa hiyo ratiba nzima hubadilika. Hapo maadili yameshaingia katika muundo.

Uzito wa jambo hili unadhihirishwa na vigango, yaani nguzo za mbao zinazochongwa kwa heshima ya marehemu wa chama cha Gohu miongoni mwa Wagiriama. Mwaka 1985, mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja kando ya vigango viwili vya nduguze. Baadaye vikaibwa. Mwaka 1999 Udvardy alikitambua kimojawapo katika picha zilizoonyeshwa na mtafiti mwenzake, Linda Giles. Vyote viwili vilikuwa vimefika katika makumbusho ya Marekani: kimoja Illinois, kingine Chuo Kikuu cha Hampton. Vilirejeshwa Kenya mwaka 2006 na 2007. Makumbusho ya Denver nayo yalirudisha vigango 30, vilivyowasili mwaka 2019.

Vigango hivyo viwili vilitambulika kwa sababu kumbukumbu za nyanjani zilihifadhi picha, mwaka, mahali na mwenyewe. Hapa pana utata. Miongozo mingi humtaka mtafiti afiche majina ya wasailiwa. Lakini kigango kisicho na jina la ukoo huwa vigumu kurudishwa, na wimbo usio na jina la msanii huishia kuwa mali ya aliyeurekodi. Kwa maoni yetu, uamuzi si wa mtafiti. Mwenye wimbo aelezwe kwa lugha aielewayo rekodi itakaa wapi na nani ataisikia, kisha achague kutajwa au kutotajwa. Anaweza pia kubadili nia.

Sheria za Kenya zinatusaidia. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inahitaji leseni ya NACOSTI. Ile ya 2016 inalinda maarifa ya jadi na sanaa za kimapokeo. Na ya 2019 inalinda data za watu binafsi. Hata hivyo, leseni ya Nairobi haimlazimishi mzee wa kaya kufichua asilopaswa kumwambia mgeni. Mtafiti aliyepanga vyema huacha nafasi ya jibu la “hapana”, na huiheshimu inapojazwa.