Kuhariri Sauti Bila Kumaliza Mfuko

Anayehariri sauti Kisumu, awe anakata mahubiri ya Jumapili huko Manyatta, matangazo ya matanga au muziki wa ohangla katika studio ya Kondele, hahitaji programu yenye vitufe vingi kuliko vyote. Anataka kazi isipotee stima ikikatika. Anataka kusikia badiliko kabla halijaganda kwenye rekodi. Na faili 20 zikiwa na dosari moja, anataka zisafishwe kwa amri moja. Bei yoyote utakayotajiwa, ipime kwa hayo.

Tuanze na ya bure. Audacity hailipiwi kabisa, na haina muda wa majaribio unaoisha. Kwa miaka mingi watumiaji waliilalamikia kwamba ukikata umekata, na ukiweka kichujio hukirekebishi ila kwa kurudi nyuma hatua kwa hatua. Toleo la 3.1 la mwaka 2021 liliruhusu kupunguza kipande na kukirefusha tena. Mwaka uliofuata, la 3.2 likaleta vichujio unavyoweza kuvigeuza huku sauti ikicheza. Stima ikienda, ukiifungua tena hukuuliza kama irejeshe kazi. Amri ya kusafisha faili nyingi kwa mpigo pia imo. Ipakue mwenyewe kwenye tovuti yake. Ukimlipa mtu wa saiba akuwekee, umelipia kitu cha bure.

Inapokusumbua ni kwenye kelele. Rekodi mvuvi pale Dunga alasiri, wakati upepo wa ziwa umeamka na injini za boti zinanguruma, kisha uketi kusafisha. Kichujio cha kelele cha Audacity bado ni cha hatua mbili: unakionyesha kipande cha kelele tupu, halafu unachagua rekodi nzima na kuamuru. Ukizidisha, mvuvi anasikika kama anaongea ndani ya mtungi. Unarudi nyuma, unapunguza, unasubiri tena. Kwa rekodi moja ni sawa. Kwa mtu mwenye vipindi kila siku, hapo ndipo saa zinapopotelea.

Programu ya Reaper husafisha kelele sauti ikicheza: unaipa kelele tupu mara moja, unaiacha kazini, na unaweza kuibadilisha hata kesho. Mpangilio wa vichujio unauhifadhi na kuutumia kwa mteja mwingine. Inajihifadhi yenyewe kila dakika chache ukiiwekea hivyo, na ni nyepesi, haitamaliza bando wala kuielemea laptopu kuukuu. Unaijaribu siku 60 ikiwa kamili. Leseni ya mtu binafsi au biashara ndogo ni dola 60, karibu shilingi 7,800, unalipa mara moja. Inakuwia ngumu wiki mbili za kwanza kwa sababu menyu zake ni nyingi mno, na hakuna haja ya kukuficha hilo.

Programu kubwa za kukodi ni nzuri, sikatai. Lakini dola 23 hivi kwa mwezi ni zaidi ya shilingi 35,000 kwa mwaka, na ukiacha kulipa, programu inafungwa. Soma mkataba hasa: “kwa mwezi” mara nyingi ni mkataba wa mwaka unaolipwa kidogo kidogo, na kujitoa mapema kuna ada. Juni 2024 serikali ya Marekani iliishtaki kampuni ya programu ya Adobe, ikidai iliwaficha wateja ada ya namna hiyo.

Bei ya dola nayo haijakamilika. Uliza kama VAT ya asilimia 16 imo, na ukilipa kwa kadi au M-Pesa, angalia kiwango cha kubadilisha fedha kabla ya kubonyeza. Halafu kuna diski: saa moja ya rekodi ya stirio katika mpangilio wa kawaida wa Audacity hula takriban GB 1.3, hata kabla hujaanza kukata. Mwenye vipindi vingi atanunua diski ya nje, apende asipende.

Siku hizi zinauzwa pia programu zinazokata sauti kwa kufuta maneno kwenye maandishi. Kabla ya kutoa hata senti, zijaribu kwa rekodi ya Dholuo, si ya Kiingereza. Zikiandika upuuzi, kwako hazina faida.

Kopi za wizi zinazopitishwa kwa flashi ziache. Kirusi kimoja kikifunga kazi ya mteja, umeshalipa zaidi ya leseni.

Kwa hiyo: wa kazi moja moja, tumia ya bure. Mwenye kazi kila siku, jaribu Reaper siku 60 kisha ulipe. Usikodi ila kama mwajiri ndiye anayelipa. Na kama una shilingi 8,000 tu na kipaza sauti chako ni cha simu, nunua kipaza sauti kwanza.